Sindano Iliyotikisa Kichwa

Muuza nyama wa kona ndiye aliyempa jina. Kila Ijumaa, akitoka kazini na kabla ya kwenda darasani, muuguzi wa usingizi alipita buchani akaomba makoromeo mawili matatu ya mbuzi, kila moja na bomba lake la hewa, zima, lisiguswe na panga. Wiki ya kwanza muuza nyama alidhani anafuga mbwa. Wiki ya pili alimwonea huruma. Wiki ya tatu akamwuliza mbele ya wateja kama huko kwake nyama wameiapia, wanakula sauti tu. Watu wakacheka, naye akacheka nao, na tangu siku hiyo akawa Mama Makoromeo. Jina halina miguu lakini hutembea. Likavuka barabara, likapita geti la hospitali bila kuulizwa, na kabla mwezi haujaisha lilikuwa linamngoja katika chumba cha wagonjwa mahututi, alikofanya kazi miaka ishirini na miwili.

Hakukasirika. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alikuwa ameanza tena kusoma, masomo ya jioni, pamoja na vijana wanaolingana na kitinda mimba wake. Mtu aliyekwisha kunyoosha mkono darasani akauliza jambo ambalo kila mtu analijua, huyo utani haumtishi tena. Ni huko darasani alikojifunza kwamba njia ya hewa inaweza kufunguliwa shingoni bila kupasua sana. Unachoma sindano katikati ya pete za bomba la hewa, unapitisha waya laini ndani ya sindano, unatoa sindano, waya unabaki kuwa njia. Kisha juu ya waya unasukuma kitanuzi, taratibu, mpaka tundu liupokee mpira mfupi wa kupumulia. Misuli haikatwi. Mgonjwa hahami hata kitanda.

Nyumbani alilaza koromeo la mbuzi kwenye ubao wa kukatia mboga, akalifunika kwa kipande cha ngozi ya kiti kuukuu, akafanya mazoezi. Mume wake alihamishia chai yake sebuleni na hakurudi. Kabla ya kila kuchoma alifumba macho akasali, maana aliamini kwamba asiyemwita Mungu kwenye jambo dogo, siku ya jambo kubwa ulimi humpotea. Mwaka mzima alisali juu ya makoo ya mbuzi. Mungu, aliyewaumba mbuzi, hakuonyesha dalili ya kuchoka.

Kisha akaletwa fundi bomba, akalazwa kitanda cha tatu.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, kifua kipana, vidole vyenye makovu ya spana. Ganzi ilimwanzia kwenye nyayo siku ya Jumapili. Jumanne ikafika kiunoni, Alhamisi ikafika kifuani na pumzi ikamshinda. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wa aina inayoondoka yenyewe kama ilivyokuja, ila haina haraka: wiki nane, pengine kumi na mbili. Mtu wa namna hiyo hupona, mradi avushwe. Kivuko chake kilikuwa mashine ya kupumulia, na kati ya mashine na mapafu palikuwa na mpira mrefu uliopita mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi ndani ya bomba la hewa. Mpira huo ni wa siku chache. Yeye alikuwa nao kwa wiki ya tatu sasa. Midomo ilikuwa imechanika. Makohozi yalikuwa yameuziba mpira mara mbili, na mara ya pili Mama Makoromeo aliuzibua mgonjwa akiwa amekwisha kubadilika rangi. Ya tatu hakuna aliyetaka kuisubiri. Alihitaji njia ya shingoni, na aliihitaji wiki hiyohiyo.

Kufungua njia ya shingoni ilikuwa kazi ya daktari wa upasuaji. Kwa miaka thelathini alikuwa amezifungua kwa kisu, katika chumba cha upasuaji, chini ya taa kubwa, na alizifungua vizuri. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mzee Kisu. Alijua, wala hakuchukia. Jumatatu alikuja kumchukua fundi bomba. Wakamtoa kwenye mashine, wakawa wanampulizia hewa kwa mfuko wa mkono, wakasukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji, ng'ambo ya ua. Hawakufika nusu. Mapigo ya moyo yakaanza kuporomoka, hamsini, arobaini, thelathini na mbili, midomo ikawa rangi ya wino, wakageuza kitanda wakarudi mbio. Ugonjwa ule huuchezea na moyo. Kumtikisa tu kulitosha kumwua.

Alipotulia tena kwenye mashine, Daktari alisimama akijifuta jasho. Kumpasua palepale hakutaka. Taa ilikuwa hafifu, kitanda kilikuwa kimebonyea katikati, na shingo ya mgonjwa ilikuwa fupi na nene. Kumpeleka ilikuwa kifo, na kumwacha ilikuwa kifo cha polepole. Hapo Mama Makoromeo akaenda kabatini akarudi na boksi. Lilikuwa limekaa humo miaka miwili, zawadi ya wageni waliopita, halijafunguliwa, na muda wake ungeisha baada ya wiki tatu. Ndani mlikuwa na sindano, waya, kitanuzi kilichopinda kama pembe, na mpira.

Daktari aliligeuza boksi mkononi kama mtu aliyepewa kuku asiyemwagiza.

"Mimi nikikata, naona ninachokikata," alisema. "Wewe na sindano yako mnabahatisha. Wenye hospitali kubwa wana kamera ya kuchungulia ndani. Sisi tuna nini?"

"Tuna pete, Daktari, zinapapasika. Na mimi nitakaa upande wa kichwa, nishike mpira wa mdomoni."

Muuguzi wa zamu, kijana mwenye ulimi mwepesi, akadakia kwamba jamani hapa si buchani. Daktari hakucheka. Alichomoa karatasi ya maelezo ndani ya boksi, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda zake. Jumanne alirudi na karatasi imejaa mistari ya kalamu nyekundu, na masharti mawili. La kwanza, mke wa mgonjwa aambiwe ukweli wote, na atakayemwambia awe Mama Makoromeo mwenyewe. La pili, visu vyake vipangwe wazi mkono wake wa kulia. Akiona mambo yanaharibika, anakata, na boksi litarudi kabatini moja kwa moja.

Mke wa fundi bomba alikuwa mshonaji. Siku zote hizo alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akipinda pindo za nguo za wateja kwa mkono, kwa sababu mikono isiyo na kazi, alisema, humfikisha mtu kusikofaa. Mama Makoromeo aliketi karibu naye, akamweleza yote tangu mwanzo, na hakumficha kwamba sindano ikikosea huweza kutoboa mahali pasipotakiwa, na kwamba hewa ikikatika dakika chache tu zinatosha kumwondoa mtu. Mshonaji alisikiliza bila kuacha kushona.

"Sindano, uzi, tundu," alisema. "Dada, hiyo si kazi yangu?" Kisha akatikisa kichwa. "Mume wangu amezibua mabomba ya mji huu mzima. La kwake ndilo linatushinda."

Akauliza kama jambo hilo limewahi kufanywa hapo. Akajibiwa hapana. Akauliza kama yeye dada mwenyewe amewahi kulifanya. Akajibiwa ndiyo, kwa mbuzi.

"Mbuzi wangapi?"

"Wamepita mia."

"Walilalamika?"

Wakaangaliana, wakacheka wote wawili, na mshonaji akiwa bado anacheka machozi yakamshuka. Alichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake ili apate mkono wa kujifuta. Akauliza jambo moja la mwisho: siku hiyo, wakati huo, yeye dada atakuwa wapi?

"Kichwani kwake. Sitaondoa mkono mpaka apumue."

"Basi nipe kalamu nitie sahihi. Namkabidhi kwa Mungu, na baada ya Mungu nakukabidhi wewe."

Maneno hayo yalimlemea Mama Makoromeo kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye boksi. Jioni ile hakwenda darasani. Alipiga magoti kando ya kitanda chake akakaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuomba mengi. Aliomba asiwe mwoga.

Jumatano saa tatu asubuhi walikuwa tayari. Waliweka mto chini ya mabega ya mgonjwa, kichwa kikalala nyuma, shingo ikajitokeza. Mama Makoromeo alimwambia fundi bomba sikioni kila kitakachofanyika, kwa sababu mwili wake ulikuwa umelala lakini masikio yalikuwa macho, kisha akampa dawa ya usingizi. Akaongeza oksijeni mpaka mwisho. Daktari alipapasa pete, moja, mbili, tatu, akachora alama kwa wino, akakata ngozi kidogo, upana wa ukucha. Visu vyake vingine vililala wazi kuliani kwake, vinang'aa.

Sasa ikaja zamu ya mtu wa kichwani. Mpira wa mdomoni ulikuwa umesimama hasa pale sindano itakapoingia, kwa hiyo ni lazima uvutwe nyuma, kiasi cha kupisha, lakini usichomoke. Ukibaki ndani mno utachomwa. Ukitoka mno mgonjwa hana hewa. Kitabu kilisema auvute mpaka alama ya sentimita kumi na saba, iliyochorwa ubavuni mwake, ifike kwenye meno. Mama Makoromeo akatoa upepo kwenye puto linaloukaza mpira kooni, akavuta: ishirini na mbili, ishirini, kumi na tisa. Kwenye kumi na tisa mkono ukagoma. Akamwona moyoni yule mwanamke wa benchini na sindano yake kwenye kola. Akajiambia inatosha.

"Tayari," alisema.

Daktari akachoma. Bomba la sindano lilikuwa na maji nusu, na alipolivuta, mapovu yakapanda ndani ya maji, mengi, mazuri, kama yalivyoandikwa. Hewa. Sindano ilikuwa ndani ya njia. Muuguzi wa zamu akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia. Daktari, ambaye mikono yake haikuwahi kusubiri kitu kilichokwisha kuonekana, tayari alikuwa amenyoosha vidole kuupokea waya.

Mwalimu wa jioni alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka wanafunzi wakauchoka: mapovu husema hewa ipo, hayasemi ni hewa ya nani. Mama Makoromeo akausukuma mpira wa mdomoni ndani kidogo sana, unene wa njiti ya kiberiti, akauvuta tena. Akatazama shingoni. Sindano ilitikisa kichwa. Akarudia. Mpira ulipokwenda, sindano ikaitikia. Mpira uliporudi, sindano ikainama nao.

Akaelewa. Sindano haikuwa ndani ya bomba la hewa tu; ilikuwa imetoboa na mpira wenyewe uliomo ndani ya bomba. Mapovu yalikuwa ya hewa ya mashine. Waya ungepita, kitanuzi kingeufuata, na kingeugandamiza mpira ndani ya koo la mtu mpaka pasiwe na njia ya juu wala ya chini. Akaelewa na sababu. Mbuzi wake wote mia na zaidi walikuwa na koo tupu. Hakuwahi kufanya mazoezi ya upande wa kichwa. Pale ambapo mkono wake haukuwa na mazoea, hofu ndiyo iliyoshika usukani.

"Daktari, usipitishe waya."

"Mapovu si hayo?"

"Sindano imechoma mpira. Tazama." Akautikisa, na sindano ikatikisa kichwa mbele ya macho yao wote. "Kosa ni langu. Niliogopa, sikuvuta vya kutosha."

Mashine ililia, kwa kuwa hewa ilikuwa inavuja, na muuguzi wa zamu akasoma oksijeni kwa sauti ndogo: tisini na tatu. Tisini na moja. Daktari alitazama visu vyake. Alivitazama muda ambao Mama Makoromeo angeweza kusema sala nzima, naye akaisema.

"Sista," Daktari akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na kisu, "ukiuvuta ukachomoka?"

"Safari ile nilikisia. Safari hii nitautazama."

Daktari akachomoa sindano. Tisini. Mama Makoromeo akawasha taa ya koo, akaufungua mdomo wa fundi bomba, akainua ulimi, akainama mpaka shavu lake likagusa paji la mgonjwa. Kule ndani aliziona nyuzi za sauti, nyeupe, zimeukumbatia mpira. Akavuta. Kumi na nane. Hofu ikamshika kifundo cha mkono, akaiacha imshike, akaendelea kuvuta. Kumi na saba. Puto dogo la mpira likachungulia katikati ya zile nyuzi, kama mtu anayechungulia mlangoni asijue aingie au atoke. Palepale akaukaza mpira kwa vidole, akalijaza puto hewa kidogo, na uvujaji ukanyamaza. Tisini na mbili.

"Choma," alisema, na hakugundua kwamba amemwamuru Daktari mpaka siku mbili baadaye.

Daktari akapapasa pete upya, akachoma. Mapovu yakapanda. Safari hii hakunyoosha mkono kuupokea waya. Aliinua macho kumtazama mtu wa kichwani. Mama Makoromeo akautikisa mpira. Sindano ikasimama wima, haina habari, kama msumari ukutani.

"Imetulia," alisema.

"Imetulia," akasema Daktari.

Waya ukaingia kama maji yanavyoingia ardhini. Sindano ikatoka. Kitanuzi kikalowekwa, kikateremka juu ya waya, na mkono mzoefu ule, uliojua nyama ya binadamu kwa miaka thelathini, ukakisukuma bila pupa, na Mama Makoromeo akiwa ameinamia mdomo aliwaza kwamba hakuna koo la mbuzi lililomfundisha utulivu kama ule. Kitanuzi kikatoka. Mpira mfupi ukaingia mahali pake, waya ukatolewa, puto likajazwa, mashine ikaunganishwa shingoni. Kifua kikapanda, kulia na kushoto sawasawa. Kikashuka. Kikapanda.

Tisini na sita, akasoma muuguzi wa zamu, na sasa hakuwa anasoma kwa sauti ndogo. Tisini na nane. Tisini na tisa.

Hapo tu ndipo Mama Makoromeo alipouvuta mpira wa mdomoni wote, ukatoka, na ubavuni kwake, karibu na ncha, palikuwa na tundu moja dogo la sindano. Akampa Daktari. Daktari akaugeuza kwenye mwanga, akalipapasa lile tundu kwa kidole. Damu yote iliyotoka haikulowesha kipande kimoja cha pamba. Visu vilirudishwa kama vilivyokuja.

"Miaka yote hii," Daktari alisema, akivua glavu, "mtu wa kichwani nimekuwa nikimpa mgongo."

Mshonaji aliitwa. Alisimama mlangoni akamtazama mume wake, uso mtupu, bila mpira, bila plasta, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya Alhamisi, na alichokwenda kugusa si shingo bali midomo. Alichovya kitambaa kwenye maji akaifuta, pole pole, pembe kwa pembe, akimkemea kwa upole kwamba ameota ndevu kama mkimbizi. Mama Makoromeo alimweleza kila kitu, pamoja na ile kumi na tisa. Alisema makosa yalikuwa yake, na kwamba Mungu alimwonyesha kabla hayajawa msiba. Mshonaji alisikiliza, kitambaa mkononi.

"Uliondoa mkono?" aliuliza.

"Sikuondoa."

"Basi," alisema, akaendelea kufuta.

Nguvu za fundi bomba zilianza kurudi wiki ya tatu baada ya siku hiyo, kuanzia juu kushuka chini, kama deni linalolipwa na mtu asiyependa kulipa. Wiki ya tano walianza kuizima mashine, dakika kumi, saa moja, nusu siku. Ikafika asubuhi ambayo ilizimwa alfajiri na saa nne ilikuwa bado imezimwa. Daktari alikuja na madaktari vijana watatu, ambao alikuwa anawafundisha kwamba kazi hii huanzia kichwani na si shingoni. Alimwita Mama Makoromeo aeleze. Naye akaeleza, akaanza na kosa lake, kwa sababu hilo ndilo walilohitaji zaidi. Alipomaliza, Daktari akainama karibu kabisa ili awaonyeshe jinsi tundu lilivyo safi.

Fundi bomba alifumba macho. Uso ukajikunja, mabega yakapanda, kifua kikajikusanya kama mtu anayefungua koki yenye kutu, na akakohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha wagonjwa, cha pumzi tu. Donge la makohozi likaruka kutoka kwenye mpira wa shingoni, likapaa, likatua juu ya mfuko wa koti jeupe la Daktari.

Mshonaji akashika mdomo kwa aibu, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Daktari aliliangalia lile doa kama mtu aliyevishwa nishani.

"Shemeji, usiombe radhi," alisema. "Mtu aliyelegea hawezi kurusha hivi. Hiyo ni nguvu." Akainama tena, karibu kuliko mwanzo. "Hebu rudia, fundi."

Fundi akarudia. La pili lilimpata kwenye tai.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyeanza kupiga makofi, na madaktari vijana wakafuata, na wagonjwa wa vitanda vingine, walioweza, wakageuza vichwa. Mama Makoromeo aliinua mikono yote miwili juu akamshukuru Mungu kwa sauti, hapo hapo, bila kujali nani anasikia. Daktari akachukua faili la kitanda cha tatu, akaandika kwa mkono wake: *Amekohoa mwenyewe. Mara mbili.* Kisha akaendelea na raundi yake wodi zote, koti lile lile, doa lile lile, na kila aliyemnong'oneza kwamba amechafuka, alisimama akamweleza limetoka wapi.